Makalio ya Konokono

Mama mkwe wangu hajawahi kuiona bahari. Mimi pia sijaiona. Kutoka Busunzu mpaka baharini unavuka nchi nzima, na watu wa kwetu wakisema maji makubwa wanamaanisha Ziwa Tanganyika, ambalo nalo wengi wanalijua kwa dagaa tu, wakavu, ndani ya mfuko. Lakini siku aliyomwona mwanangu kwa mara ya kwanza alimfunua mkono wa kushoto, akautazama, akaurudisha ndani ya shuka kama mtu anayefunika sahani iliyoingia nzi.

"Hiki ni kiumbe cha majini," akasema.

Hakusema kwa hasira. Hasira ningeielewa. Alisema kama anavyosema haya maharage yametobolewa na wadudu, kisha akauliza kama kuna chai.

Vidole vitatu vya mkono wa kushoto wa mwanangu vimeunganishwa na ngozi. Ni ngozi nyembamba, laini, ukiweka taa nyuma yake unaona wekundu. Daktari alisema mifupa iko salama, akikua kidogo atatenganishwa. Nilimwamini. Nimemaliza kidato cha nne, na biolojia niliwapita wavulana wote waliokuwa wakinicheka. Najua mtoto akiwa tumboni mikono yake inaanza kama kasia, halafu vidole vinajitenga. Vya mwanangu havikumaliza kujitenga. Basi. Hakuna jini, hakuna mamba, hakuna dhambi ya mtu.

Kwa mama mkwe dhambi ilikuwepo, na ilikuwa yangu. Wazazi wangu walitoka Burundi, wakalima Nyakitonto mpaka wakapewa uraia. Mimi nimezaliwa hapa, nimesoma hapa, nimechapwa fimbo na walimu wa hapa. Kwake mimi ni mtu wa kambi, ingawa kambini sijalala hata siku moja. Aliwaambia majirani kwamba bibi yangu alivuka Malagarasi akiwa na mimba, akaingiwa na kitu cha mtoni, na kitu hicho kimekuja kutokea kwa kitukuu. Bibi yangu alivuka kiangazi, maji yakiwa chini ya magoti, amejitwisha godoro.

Sasa niseme kuhusu kirezi, maana ugomvi wote uko hapo.

Kirezi ni kisahani cheupe, kikubwa kama mfuniko wa kopo la mafuta ya kujipaka. Kina tundu la kupitisha uzi, na mstari mwembamba unaozunguka, unaozunguka, mpaka unaishia katikati. Cha kwao kimeshakuwa cha manjano pembeni kama jino la mzee. Zamani walivaa watu waliokaa karibu na mwami, mtawala wa Waha, na ukoo wa mume wangu ulibaki na kimoja, kinachovaliwa kooni na mwanamke mkubwa wa nyumba. Wanasema ni kipande cha mwezi. Kilianguka usiku kwenye migomba ya babu wa babu yao, akakiokota kikiwa bado cha moto.

Na kwa kuwa ni cha mwezi, maji ni adui yake. Hakioshwi. Kinapakwa samli na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Mama mkwe akienda kuoga anakivua na kukifungia sandukuni. Mvua ikianza, hata manyunyu, mkono wake unakimbilia kooni kabla hajakimbilia nguo alizoanika. Nimemwona akiacha mahindi ya mwezi mzima yalowe uani, yeye amesimama chini ya upenu, amekishika kirezi ndani ya kanga kwa mikono miwili.

Mtoto wa ukoo ule akitolewa nje mara ya kwanza, analazwa kwenye ungo wenye unga wa ulezi. Mama mkwe anavua kirezi, anamgusisha kifuani, ndipo jina linatamkwa mbele za watu. Asiyeguswa hana jina pale. Haitwi kwenye mambo ya nyumba, hapewi shamba, na akifa anarudishwa kuzikwa kwa wajomba zake. Nilitaka mwanangu aguswe. Sikutaka kitu kingine kutoka kwa watu wale. Nilifikiri, wakishamgusa tu, mengine nitayavumilia.

Siku ya kumtoa nilisaga ulezi mwenyewe, na mwili bado unaniuma. Nikamlaza kwenye ungo. Nikainama mbele ya mama mkwe nikapiga makofi. Huku kwa Waha tunasalimiana hivyo, mdogo anainama, anapiga makofi taratibu, anasema mwakeye, na mkubwa anaitikia kwa makofi yake. Mama mkwe alikuwa na mtindo wa kuniacha napiga. Siku nyingine ningepiga mpaka viganja viwe vya moto, yeye anachambua mchicha. Siku ile aliniacha napiga mbele ya wanawake wote wa jirani, halafu akainuka, akafunga vizuri kanga yake juu ya kirezi.

"Kirezi hakigusi maji," akasema. "Mkamwana, mtoe samaki wako kwenye ungo wa watu."

Kuna waliocheka. Siwalaumu sana, ilisemwa kwa ufundi. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama ndala zake, anafuta vumbi la kidole gumba kwa kidole cha mguu wa pili. Nikamtoa mtoto. Alikuwa na unga mgongoni na kwenye nywele, nikampangusa nikiwa nimewapa mgongo, ili wasinione uso.

Tangu siku ile jina lake pale nyumbani likawa Samaki. Watoto wa uani waliliimba. Mama mkwe akimwona anatambaa kuelekea kwake alikuwa anavuta miguu juu ya kigoda. Kama kuna ndoo karibu alisema, "Mpelekeni kwao," na wote wanacheka, na mwanangu naye anacheka kwa sababu anaona watu wanafurahi. Hicho ndicho nilichokuwa nashindwa kukimeza.

Nikavumilia hata hivyo, mpaka siku niliyotoka shambani nikamkuta binti wa shemeji, mtoto mkubwa tu wa shule, amemwinamisha mwanangu kwenye ndoo, uso ndani ya maji, anamhesabia. Alitaka kuona kama atapumua. Nilimpiga yule binti mpaka kiganja kikafa ganzi. Mwanangu alitapika maji miguuni pangu. Mama mkwe alikuwa amekaa hatua chache kutoka pale, anamenya mihogo, kisu hakikusimama.

"Mtoto alitaka kujua tu," akaniambia. "Si hata wewe unajisifu umesoma?"

Kesho yake nilihamia Kasulu. Mume wangu anaendesha Fuso kati ya Kasulu na Kibondo, kwa hiyo alisema ni vizuri, atakuwa anapita. Alisema hivyo kwa furaha kabisa, kama mtu aliyetatuliwa tatizo.

Kasulu nilipata kazi kwenye duka la mama mmoja Mwislamu, mzaliwa wa pwani ya Kilwa, aliyeolewa na mfanyabiashara wa huku akaletwa kwenye baridi. Anauza kanga, viungo, udi na vyombo. Ana ulimi kama wembe mpya. Hakuna mteja anayetoka bila kukwaruzwa kidogo, na bado wanarudi. Siku ya kwanza alimshika mwanangu mkono ule, akavitanua vidole kadiri ngozi ilivyoruhusu, akautazama dhidi ya mwanga.

"Angezaliwa kwetu huyu angewashinda wote kuogelea," akasema. "Amezaliwa mlimani. Mungu naye ana utani wake." Akamrudishia mkono kama mtu anayerudisha chenji.

Nilimpenda kwa hilo. Hakuvuta miguu.

Juu ya rafu, nyuma ya mizani, alikuwa na chupa kubwa ya kioo imejaa vitu vya baharini alivyokuja navyo alipoolewa. Hakuwa akiviuza. Duka likipoa alikuwa anavimwaga juu ya meza na kunisimulia, na kila kiumbe alikuwa na mtu wa Kasulu wa kukifananisha naye. Kulikuwa na bunju mkavu, samaki anayejijaza maji akiogopa mpaka awe kama mpira wenye miiba, na ndani ana sumu ya kuua nyumba nzima. Huyo alikuwa jirani yake wa duka la pili. Kulikuwa na kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano, ambaye akipata chaza anautoa utumbo wake nje kupitia mdomoni, anausukuma ndani ya chaza na kumyeyusha humo humo nyumbani kwake. Huyo alikuwa wifi yake. Kulikuwa na farasi wa bahari, kadogo, kakavu, mkia umejikunja, ambaye dume ndiye anabeba mimba na kuzaa. Huyo alisema bado hajamwona mfano wake, si Kasulu wala Kilwa.

Akanionyesha jongoo bahari, kitu cheusi kama kinyesi kilichokauka juani. Ukimshika, alisema, haumi wala hakimbii. Anakutapikia matumbo yake yote, anakuachia, kisha anakwenda mtupu kuotesha mengine.

"Huyu namjua," nikamwambia. "Anaendesha Fuso."

Alicheka mpaka akashika mizani. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu nijifungue. Nikirudi chumbani nilikuwa natafuta video zao kwenye simu, mwanangu mapajani. Nilimwona pweza jike akilinda mayai yake bila kula mpaka rangi ikamtoka na ngozi ikaanza kuning'inia, na mayai yakianguliwa yeye anakufa. Wengine wangelia. Mimi nilikasirika. Hata huko chini kwenye giza hakuna anayemletea chakula.

Siku moja, duka limepoa, alimwaga chupa, na kitu kimoja kikabingirika mpaka kwangu. Kilikuwa gamba, nene, la madoa ya kahawia, jembamba chini na pana juu kama pia anayochezea mtoto. Nikalisimamisha. Upande mpana ulikuwa bapa, mweupe, una mstari mwembamba unaozunguka, unaozunguka, mpaka unaishia katikati.

Niliweka kidole kwenye mstari ule nikaufuata. Nilikuwa nimeinama mbele ya mstari ule mara nyingi, nisingeweza kuusahau.

"Liweke polepole," mama wa duka akasema. "Lingekuwa na mwenyewe ndani, ungekuwa maiti."

Nikamuuliza ni mnyama gani. Akasema ni konokono wa baharini, mzuri kuliko wote na mbaya kuliko wote. Mchana anajifukia mchangani. Samaki akipita anamnusa kwa kimrija, anakitoa polepole kitu kama ulimi, na kwenye ncha yake kuna jino, mkuki mdogo wenye sumu. Samaki akichomwa hapati hata nafasi ya kupiga mkia. Anaganda. Konokono anatanua mdomo kama gunia na kummeza mzima. Kuna watu kwao waliokota konokono mzuri, wakamtia mfukoni, wakabebwa kurudishwa nyumbani.

Nikamwambia kuhusu kirezi. Nilimwambia kuhusu mwezi, samli, mvua, mwanangu na ungo. Alisikiliza mdomo wazi, na nilipofika kwenye mahindi yaliyolowa akaanza kutikisika mabega.

"Mwanangu," akasema, "wazee wetu walikuwa wanawaletea ninyi watu wa bara hayo. Walikata huku chini, huku juu wakatoboa. Bibi yangu alikuwa anatusimulia, kimoja kilitosha kununua mtu. Mtu mzima, mwenye akili zake. Mlikuwa mnauzana kwa makalio ya konokono."

Alirudia hayo maneno ya mwisho kwa raha, makalio ya konokono, akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya ushungi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria vizuri, kichwa kimetulia kama siku ya mtihani. Nilimwomba lile gamba.

"Lichukue," akasema. "Ila ukirudi unieleze walivyotoa macho, usiruke hata mmoja."

Haikuchukua muda mrefu. Mke wa shemeji yangu, mama wa yule binti wa ndoo, akajifungua mvulana, na mume wangu akapita na Fuso kuniambia wanamtoa nje, kwamba mama mwenyewe amesema nije, watu wasije wakasema nyumba imegawanyika. Akanisihi nisimuudhi mama. Nikamwambia nimebadilika. Akaamini. Ukimwambia kitu kinachompumzisha anaamini upesi sana.

Pale Busunzu kulikuwa na watu wengi kuliko siku yangu. Ungo ulikuwa mpya. Mtoto alilazwa, mnene, vidole vyote kumi vimejitenga, na mke wa shemeji alinitazama mara moja tu kuhakikisha nimeviona. Shangazi wa mume wangu, mwanamke mkubwa kwa umri anayechekwa kwa sababu hasikii vizuri, alikaa karibu na ungo. Mama mkwe alivua kirezi. Kilikuwa kimepakwa samli, kinang'aa. Alikiweka kwanza kwenye unga, pembeni ya mtoto, kama desturi, ili aseme maneno yake.

Nikasogea, mwanangu mgongoni. Nikapiga makofi kwa adabu, nikasema nimeleta zawadi ya mtoto. Nikatoa gamba kwenye kanga, nikalilaza kwenye unga kando ya kirezi, upande bapa juu.

Wote wakainamia ungo. Halafu shangazi, kwa sababu hakusikia ukimya ulikuwa wa namna gani, akanyoosha mkono, akachukua hiki na kile, akaviweka kimoja juu ya kingine kama mtu anayetafuta mfuniko wa chungu. Mstari ulikwenda na mstari. Ukubwa ulikuwa ule ule. Akavigeuza, akachungulia ndani ya gamba, akanusa.

"Mbona huyu ni konokono," akasema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema wasiosikia.

Mtu mmoja nyuma akacheka puani. Ndipo nikaongea. Niliongea polepole, kwa Kiswahili cha darasani kwanza, kisha nikarudia kwa Kiha ili hata walioko jikoni wasikose. Nikawaambia mwezi haukuanguka kwenye migomba ya mtu. Nikawaambia huyu ni mnyama wa majini, wa maji ya chumvi, anayekaa kwenye maji maisha yake yote, anayenusa kwa mrija na kuua kwa jino lenye sumu, na kwamba anachovaa mama kooni ni makalio yake. Nikawaambia mtu mzima alitolewa ili makalio hayo yafike Busunzu, na kama wanataka kujua nani ametoka wapi, waanze na huyo.

Nilipotaja sumu, mke wa shemeji alimnyakua mtoto wake kwenye ungo kwa nguvu hadi unga ukaruka. Alimpangusa kifua kwa kanga, na kifua hakikuwa kimeguswa na chochote. Gamba tupu halimuui mtu. Nilijua. Sikumwambia.

Mama mkwe alivimba. Nilimwona bunju, yule wa kwenye chupa, shingo, mashavu, macho. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige mbele za watu. Lakini hewa ikamtoka taratibu. Akainama, akaokota kirezi kwenye unga, akazunguka nyuma yangu, akamtupia mwanangu aliyekuwa mgongoni kwangu.

"Chukua," akamwambia. "Cha majini kiende kwa wa majini."

Mwanangu alikidaka kwa mkono wa kushoto. Ule mkono hauachii kitu kwa urahisi, vidole vitatu vinafanya kazi kama kimoja. Aliondoka nacho. Mvulana wa ungo walimtamkia jina bila kugusishwa chochote, haraka haraka, kama watu wanaozima moto. Nilimsimulia mama wa duka jicho kwa jicho, na sikuruka hata moja.

Kwa muda mrefu kirezi kilikuwa cha mwanangu kuchezea. Alichota nacho mchanga. Alikiweka kwenye beseni la kuogea, na kilipolowa samli ya miaka yote ikatoka ikaelea juu, kikawa cheupe kama kipya. Hakikulia, hakikupasuka. Kilikuwa kimerudi kwenye maji, hata kama ni ya bomba la Kasulu.

Nilijua watakitaka. Mume wangu alianza kwa kuzunguka zunguka. Mara mama hajisikii vizuri, mara wazee wanauliza. Mwishoni akasema ukweli. Kulikuwa na msiba mkubwa wa ukoo, na mama mkwe alipofika hakuna aliyemwondokea kigoda cha mbele. Walimpisha mke wa ndugu mwingine. Wale wadogo walimsalimia kwa mdomo tu, mikono mfukoni.

"Mrudishie mama kitu chake," akasema.

"Si changu nirudishe. Ana mwenyewe. Aje amwombe."

Nilisema hivyo nikijua hatakuja. Alikuja. Alishuka kwenye basi la Kibondo asubuhi, akafika mlangoni kwangu amevaa kitenge kizuri, na shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoikumbuka. Palipokuwa pakikaa kirezi ngozi ilikuwa nyeupe kidogo, duara. Mwanangu alikuwa ameshaanza kusema maneno. Alikuwa amekaa kizingitini, anakigonga kirezi kwenye saruji.

Nilimkaribisha ndani, nikampa kiti. Sikuinama. Sikupiga makofi. Alingoja, nikamwona anangoja, nikaendelea kukunja nguo. Ndipo akaanza. Alisema mambo yamepita. Alisema mtoto ni wao, damu ni yao, na kwamba yuko tayari kumlaza kwenye ungo mbele ya watu wote, hata mbele ya wakubwa wa ukoo, amguse kifuani, amtamkie jina. Apewe na shamba, lile la karibu na kisima. Yeye arudishiwe tu kirezi, maana atamgusa na nini?

Nilimuuliza kama bado anaamini kimetoka mwezini.

"Najua ni konokono," akasema. "Na wao wanajua. Wakikiona watapiga makofi hivyo hivyo."

Nadhani hilo ndilo neno pekee la kweli alilowahi kuniambia. Na niseme wazi, alikuwa ananipa kila kitu nilichokuwa nakitaka. Nililia kwa ajili ya ungo ule. Usiku mwingi nimewaza mwanangu akifa atazikwa wapi, wazo ambalo mama hapaswi kuwa nalo. Sasa jibu liko mkononi, mzee amekuja nalo kwa basi. Nikamwambia amwombe mwenyewe, kwa adabu, kama anavyoombwa mkubwa.

Alinitazama sana. Kisha akashuka kwenye kiti, akachuchumaa mbele ya mwanangu pale kizingitini, magoti yakalia, akainamisha kichwa akaanza kupiga makofi. Taratibu, kwa mdundo sahihi, anavyojua. Mwakeye, akasema.

Mwanangu alifurahi. Hakuwa amewahi kusalimiwa hivyo na mtu. Akakiweka kirezi mapajani, akaitikia makofi, mkono mzuri na mkono ulioungana, unatoa sauti ya maji maji, pa, pa. Bibi yake hakuvuta miguu. Halafu mwanangu akakichukua kirezi, akakinyoosha kumpa. Hana choyo, hakurithi kwangu.

Nikamshika mkono nikaufumba juu ya kirezi, vidole vitatu kwa pamoja.

"Jina analo," nikamwambia mama mkwe. "Nilimpa mimi, siku nilipomwogesha nacho kwenye beseni. Na shamba lako la kisimani, angalia asije akazama mtu."

Alijiinua kwa kushika mlango, akaomba maji ya kunywa, nikampa. Akayanywa yote. Akaniambia nina roho mbaya, nikamwambia ndiyo. Mwanangu alikuwa analia kwa sababu nilikuwa nimembana mkono.

Alipofika barabarani manyunyu yakaanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni namtazama. Mkono wake ukaruka kooni, ule wa kulia, haraka kama zamani, ukapapasa, ukapapasa tena, ukabaki umeshika shingo tupu mpaka alipopinda kona ya stendi. Nilicheka peke yangu. Nikimkumbuka pale, mpaka leo, nacheka.